Kumbukumbu ya mradi: ubao wa oda za mama mdogo kwenye skrini nyeusi

Jumamosi, siku ya kwanza

Mama mdogo anashona Magomeni, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi cha Mapipa. Oda zake zote ziko kwenye daftari, na daftari lenyewe kila siku linafukiwa na vitambaa. Majuzi alimaliza dera la mteja wa Jumatatu huku gauni la mteja wa Jumamosi halijakatwa, na yule wa Jumamosi alikuwa anakwenda nalo harusini. Nilimkuta anakesha na overloki, macho mekundu. Nikaamua usiku ule ule: laptopu yangu ya chuo, iliyovunjika bawaba na kung'oka vitufe vinne, itasimama ukutani iwe ubao wa oda.

Ina memori ya GB 2 tu. Nimeiwekea Debian 12, aina ya mfumo wa Linux, bila madirisha wala picha, ikiwaka inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi. Kazi hii haihitaji zaidi ya hapo, na umeme ukikatika ukarudi, inasimama tena haraka.

Nilipoiwasha mara ya kwanza ilitumia herufi za pikseli 8 kwa 16. Skrini ina pikseli 1366 kwa 768, kwa hiyo nilipata safu 170 na mistari 48. Niliyeisogelea niliona raha, oda zote zinaenea. Mama amekaa nyuma ya cherehani, mita mbili kutoka ukutani.

"Mwanangu, haya maandishi au sisimizi wanahama?"

Nikaandika amri moja:

`sudo setfont Uni2-TerminusBold32x16`

Skrini ikapepesa mara moja, herufi zikanenepa na kurefuka maradufu. Mama akasoma mstari wa kwanza kwa sauti bila kuinuka, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Nikauliza mashine imebaki na nafasi kiasi gani, kwa `stty size`, ikajibu `24 85`. Mistari 24, safu 85.

Nilizitazama namba hizo kwa muda. VT100, terminali (skrini na kibodi za kuzungumza na kompyuta) ya Digital Equipment Corporation iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na mistari 24 ya herufi 80. Kwa kutafuta tu ukubwa ambao mama anausoma akiwa kwenye kiti chake, nimetua karibu pale pale. Na lugha ya kuiamuru skrini hii ni ile ile iliyoeleweka na VT100: unatuma herufi namba 27, inayoitwa ESC, kisha mabano ya mraba ya kufungua, namba, na herufi moja ya kufungia. Rangi, kufuta skrini, kuhamisha kishale, yote ni maandishi yanayopita njia moja na jina la mteja. Jambo hili ndilo lililonivuta kwenye mradi huu kuliko kitu kingine chochote.

Fonti iliyowekwa kwa `setfont` hupotea mashine ikizimwa. Ili ibaki, nilipita kwenye `dpkg-reconfigure console-setup` nikachagua TerminusBold ya 16x32.

Jumanne jioni

Nimeshuka Mapipa nikitoka kazini, nikaweka rangi. Mpango: oda ya kuchukuliwa leo iwe nyekundu, ya kesho njano, iliyokwisha kushonwa kijani.

Ningeweza kuandika misimbo ya ESC kwa mkono. Nimechagua `tput`, kwa sababu `tput` husoma jina la terminali lililo kwenye kigeu `TERM`, hutazama kwenye hifadhi ya terminfo terminali hiyo inaelewa nini, kisha hutoa msimbo unaoifaa. Zamani kila kampuni ilikuwa na misimbo yake, na Bill Joy alilazimika kutengeneza termcap ili mhariri wake vi ufanye kazi kwenye mashine za kila aina. Terminfo ilikuja baadaye ikachukua nafasi hiyo. Mimi nina terminali mbili tu, ubao na simu yangu, lakini zinatofautiana vya kutosha. Ukiuliza `tput colors`, ubao unajibu 8 na simu inajibu 256.

Kila ukiita `tput` unaanzisha programu nyingine, kwa hiyo naiita mara moja mwanzoni na kuweka majibu kwenye vigeu:

`nyekundu=$(tput setaf 1)`
`njano=$(tput setaf 3)`
`kijani=$(tput setaf 2)`
`kawaida=$(tput sgr0)`

Nikawasha. Mama akatazama, akauliza ile kahawia ina maana gani.

"Hiyo ni njano, mama. Ni oda za kesho."

"Njano?" Akavuta droo ya nyuzi, akatoa kibiringo kimoja akakiinua mbele ya skrini. "Njano hii hapa. Hiyo yako kahawia, tena kahawia ya sare za shule."

Alikuwa sahihi. Rangi namba 3 kwenye konsoli ya Linux, yaani skrini hii nyeusi ya maandishi, ni AA5500: nyekundu nyingi, kijani nusu yake, bluu hakuna. Huo ni udongo. Inakuwa njano halisi pale tu unapoing'arisha. Mimi nimeitazama rangi ile miaka mingi na kuiita njano kwa sababu kitabu kinaiita njano.

Uzuri wa konsoli ya Linux ni kwamba inakubali kuchanganyiwa rangi upya. Unatuma ESC, mabano ya mraba ya kufunga, herufi P, namba ya rangi, kisha tarakimu sita (0 hadi 9, halafu A hadi F): mbili za nyekundu, mbili za kijani, mbili za bluu.

`printf '\e]P3FFD000'`

Tulijaribu rangi tano, yeye ameshika kibiringo, mimi nabadilisha tarakimu. Alikubali FFD000. Nyekundu naye aliing'arisha kidogo, akisema ile ya mwanzo ni damu ya mzee. Kijani hakukigusa.

Jumatano, ndani ya mwendokasi

Nimeingia kwenye ubao kwa SSH (njia ya kuiamuru kompyuta ukiwa mbali) kutoka kwenye simu, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Nilipoendesha skripti, faili ya amri inayochora ubao, skrini ya simu ikabaki tupu. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna oda, kimya.

Sababu ni ule msimbo wa rangi. ESC pamoja na mabano ya kufunga, kwenye terminali nyingi, ni mwanzo wa ujumbe mrefu ambao lazima ufungwe kwa alama maalumu. Konsoli ya Linux haihitaji alama hiyo, inahesabu tarakimu zake na kuendelea. Terminali ya simu yangu ilikaa ikisubiri mwisho ambao haukuja, huku ikimeza kila kilichofuata. Nimeufunga msimbo ndani ya sharti:

`[ "$TERM" = linux ] && printf '\e]P3FFD000'`

Jambo la pili la safari hiyo: nilitaka kukificha kishale cha ubaoni kwa kuandika `sudo setterm --term linux --cursor off > /dev/tty1`. Nikakataliwa, ruhusa hakuna. Ule mshale wa `>` hufunguliwa na sheli yangu (programu inayopokea amri) kabla `sudo`, inayotoa mamlaka ya msimamizi, haijaanza kazi, na sheli yangu haina mamlaka juu ya tty1, yaani skrini ya ubao. Njia iliyokubali ni kupitisha kwa `| sudo tee /dev/tty1`. Hatimaye nimekihamishia ndani ya skripti yenyewe: `tput civis` mwanzoni, na `trap 'tput cnorm' EXIT` ili skripti ikiisha kishale kirudi.

Alhamisi

Simu kutoka kwa mama saa mbili na dakika chache asubuhi. Ubao umezima. Nikamwambia anisomee kilichoandikwa, akasoma herufi kwa herufi: nukta mbili, sifuri nane, kisha Kiingereza.

Saa ya kwenye ubao naionyesha kwa Kiswahili. Mama hasemi "nane" akiwa na maana ya saa mbili, na mteja akiambiwa aje saa kumi haji saa nne asubuhi. Hesabu ni nyepesi: chukua saa ya mashine, ongeza sita, toa kumi na mbili zinazozidi.

`saa24=$(date +%H)`
`saa=$(( (saa24 + 6) % 12 ))`

Nimejaribu usiku tatu mfululizo bila shida. Lakini `date +%H` asubuhi hutoa 08, na kwa bash, sheli inayoendesha skripti yangu, namba inayoanza na sifuri inahesabiwa kwa msingi wa nane, ambako tarakimu 8 haipo kabisa. 07 inapita. 08 na 09 zinavunja mzunguko mzima wa skripti. Ningeiacha, ingevunjika kila siku saa mbili, na kila ukiiwasha ingevunjika tena mpaka saa nne. Dawa ni kistari kimoja, `date +%-H`, kinachoondoa sifuri ya mbele. Na hesabu ikitoa 0, naandika 12.

Nimeirekebisha kwa simu nikiwa kazini. Mama alinipigia tena kuniambia ubao umerudi, na ndipo nilipopumua.

Jumamosi ya pili

Nimeshinda kibandani kutwa nzima, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Kibanda kinatazama mashariki. Kuanzia saa moja mpaka kama saa tano jua linaingia moja kwa moja na kugonga skrini, na maandishi ya rangi kwenye weusi yanapotea. Unachokiona ni uso wako na bodaboda zinazopita nyuma yako.

Kuongeza mwangaza kulisaidia kidogo. Mwangaza ni namba ndani ya faili, `/sys/class/backlight/intel_backlight/brightness`, na kiwango cha juu kimeandikwa kwenye `max_brightness` pembeni yake. Niliusukuma mpaka mwisho. Betri ikalalamika, maandishi bado yakawa yanafifia.

Kilichofanya kazi ni kugeuza skrini:

`setterm --inversescreen on`

Weusi ukawa weupe, maandishi yakawa meusi. Ajabu ni mistari ya rangi. Mstari uliokuwa na herufi nyekundu uligeuka ukanda mwekundu wenye herufi nyeusi, na wa njano ukawa ukanda wa njano kutoka jina mpaka tarehe. Mama aliacha kukata, mkasi bado mkononi. "Acha hivyo hivyo. Hii naiona hata nikiwa nje kwa muuza chai." Tukatoka nje. Kweli inaonekana kutoka kwa muuza chai, ng'ambo ya barabara.

Jioni weupe ule unachoma macho, kwa hiyo cron (programu inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa) inageuza asubuhi na kurudisha saa tano. Cron inahesabu saa za mashine, basi saa moja nimeiandika 7 na saa tano nimeiandika 11. Pia cron haina `TERM`, ndiyo maana `--term linux` ni lazima:

`0 7 * * * setterm --term linux --inversescreen on > /dev/tty1`
`0 11 * * * setterm --term linux --inversescreen off > /dev/tty1`

Hii iko kwenye crontab (orodha ya cron) ya root, msimamizi wa mashine, kwa hiyo `>` haina ugomvi na mtu.

Siku hiyo hiyo niliondoa kumeta. Skripti ilikuwa inafuta skrini nzima kila sekunde kabla ya kuandika upya, na ukikaa nayo kwa muda wa saa nne kichwa kinauma. Sasa inarudisha kishale juu kwa `tput cup 0 0`, inaandika juu ya yaliyopo, na kila mstari unamalizika kwa msimbo wa `tput el` unaosafisha mabaki ya kulia. Inaonekana sekunde tu zinabadilika.

Jumanne

Ubao uliganda saa tisa na dakika 12. Hakuna kosa, oda zote zipo, rangi zipo, ila saa haitembei. Mama alidhani bado ni saa tisa, akaendelea na kanzu aliyokuwa nayo, mpaka mteja wa saa kumi na moja alipofika gauni halijapigwa pasi.

Mjukuu wake alikuwa amechezea kibodi. Ctrl na S kwa pamoja huiambia terminali isimamishe kila kinachoandikwa, desturi ya enzi ambazo maandishi yalikuja kwa kasi kuliko mashine ilivyoweza kuyapokea. Ctrl na Q huachilia. Nilimwelekeza kwa simu, akabonyeza, saa ikaruka kutoka tisa na dakika 12 na kuanza kufukuzia. Jioni nimeweka `stty -ixon` mwanzoni mwa skripti, na sasa Ctrl na S haifanyi lolote.

Kosa hili limenisumbua kuliko yote. Ubao uliozima unajulikana umezima. Uliosimama unaonekana mzima, na mtu anaupangia kazi.

Kwa hiyo nimeongeza nukta ndogo kwenye kona ya juu kulia, safu ya 85, inayowaka sekunde moja na kuzimika sekunde inayofuata. Mama ameshaambiwa: nukta isipocheza, usiiamini saa. Ameiita mapigo.

Leo

Ubao una oda kumi na saba. Safu 85 zimegawanywa hivi: tarehe 10, jina 24, nguo 36, hali 12, na nafasi kati yake. "Gauni la kitenge la mshono wa nyuma na mikono ya puto" halienei kwenye 36, mama hataki nilikate, anasema mikono ya puto ndiyo inayomkumbusha sura ya mteja. Usiku huu naandika upya sehemu hiyo ili maelezo marefu yashuke mstari wa pili. Mistari ni 24, mmoja wa saa, mmoja wa vichwa. Mistari ya oda ikizidi ishirini na miwili itabidi kurasa zipishane, na hapo lazima nikae naye kwanza nimuulize ukurasa mmoja anausoma kwa sekunde ngapi akiwa kwenye cherehani.