Kreatinini ya mama ilisomeka kawaida, mimi sikutulia

Mama yangu ana miaka 62, na presha anayo kwa mwaka wa 11 sasa. Mwezi wa pili aliniambia mkojo wake unatoa povu kama la sabuni, halikatiki haraka. Nikampeleka kupima figo. Akatolewa damu, na baada ya saa mbili nikapewa karatasi: kreatinini 98 (mikromoli kwa lita), kiwango cha kawaida 53 hadi 106. Hakuna nyota wala mshale. Tukaambiwa figo ziko sawa.

Nilimtazama mama akishusha mkono wa gauni. Amekonda, kiganja changu kinauzunguka mkono wake juu ya kiwiko. Kreatinini ni taka ya misuli. Figo zikichoka kuichuja, inarundikana kwenye damu. Sasa mtu mwenye misuli kidogo huitoa kidogo, na damu yake inaweza kusomeka vizuri huku figo zimeshapungua nguvu. Ile karatasi haikuzingatia umri wala wembamba wake.

Daktari wa pili alichukua simu akaingiza 98, miaka 62, mwanamke, kwenye kikokotoo cha CKD-EPI cha 2021, fomula inayokadiria kazi ya figo. Ikatoka eGFR 56, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu; ikishuka, figo zimepungua nguvu. Kisha akaweka mwanaume wa miaka 25 kwa 98 ileile: 95. Nilishika meza.

"Usiogope, bado hatujasema mama ana ugonjwa sugu," akaniambia. Chini ya 60 lazima idumu miezi mitatu au zaidi, maana hata kuharisha na kupungukiwa maji huishusha kwa muda. Akauliza dawa. Mama akafungua mkoba akatoa diklofenaki, dawa za maumivu ya magoti, anazonunua duka la dawa na kumeza karibu kila siku. Dawa hizo zinaweza kuumiza figo, tuliziacha siku hiyohiyo. Akaagiza pia mkojo upimwe albumini, aina ya protini ya damu, kwa sababu protini inaweza kuanza kuvuja kreatinini ikiwa bado nzuri kabisa. Kwa maoni yangu, kipimo hiki cha mkojo ndicho kinachosahauliwa zaidi kwa watu wa presha na sukari.

Nikanunua daftari: tarehe, kreatinini, eGFR, presha. Maabara ni ileile kila mara, na jioni ya kuamkia kipimo mama hali nyama, kwani nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini.

Mwezi wa tano ilikuja 104, eGFR 52, na albumini ipo kwenye mkojo. Hapo ndipo ugonjwa ulipopata jina, sugu wa hatua ya tatu. Niliumia, lakini tumeuwahi. Dawa ya presha ilibadilishwa, na baada ya wiki mbili damu ikapimwa tena kuangalia potasiamu, madini ambayo dawa hiyo inaweza kuyapandisha.

Kipimo cha karibuni ni 102, eGFR 54. Mama alikuwa anachambua mchicha mlangoni nilipoingia na karatasi. Hakuuliza presha. "Figo zangu leo ngapi, mwanangu?"