Umepimwa, una homa ya ini B: vipimo na hatua zinazofuata

Wengi hapa Tanga hujua kwamba wana homa ya ini B wakiwa hawaumwi chochote. Mmoja kachangia damu, mwingine kapimwa kliniki ya wajawazito, mwingine kapimwa kabla ya kuanza kazi. Anapewa karatasi inayosoma HBsAg positivu, anaambiwa apunguze mafuta na apumzike, kisha anarudi nyumbani Ngamiani au Makorora na siku hiyohiyo sahani na kikombe chake vinatengwa. Kumtengea vyombo ni kumwonea. Kumwachia ushauri wa mafuta peke yake ni hatari, kwa sababu dawa ipo na vipimo vya kuamua nani aianze vinafanyika hospitalini kila siku.

Tuanze na vyombo. Kirusi cha B hupita kwenye damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Sinia ya wali haikipitishi, wala kikombe cha kahawa barazani. Zinazopita kwenye chakula na maji machafu ni homa ya ini A na E, magonjwa mengine kabisa. Vya kutochangia ni wembe, mswaki, kikata kucha, sindano, na wembe wa kuchanjia kwa mganga. Damu ikimwagika usiipuuze hata ikikauka, kwani kirusi hiki huweza kuishi nje ya mwili siku 7. Chukua dawa ya madoa yenye klorini asilimia 3.5, changanya kikombe 1 na vikombe 6 vya maji, vaa glavu, mwagia, acha dakika 10, ndipo ufute.

Sasa karatasi yenyewe. HBsAg inasema kirusi kimo mwilini. Haisemi ini liko katika hali gani. Ikiendelea kuonekana baada ya miezi 6, maambukizi ni sugu. Kinachofuata ni kuomba vipimo viwili: vimeng'enya vya ini, yaani AST na ALT, na FBP, yaani picha nzima ya damu, ili upate idadi ya pleteleti, chembe zinazogandisha damu. Mwambie daktari waziwazi: "Shikamoo daktari, naomba AST na pleteleti ili tukokotoe APRI." APRI ni alama inayokadiria makovu ya ini, na hesabu yake ni ya kalamu na karatasi. Gawa AST yako kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, gawa tena kwa pleteleti, zidisha kwa 100. Mtu mwenye AST 60, kiwango cha juu kikiwa 40, na pleteleti 150: 60 kwa 40 ni 1.5, 1.5 kwa 150 ni 0.01, mara 100 unapata 1.

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024, mwenye umri wa miaka 12 na zaidi ambaye APRI yake imepita 0.5 anastahili kuanza dawa. Ikipita 1, huenda ini limeshakuwa na makovu mengi na asicheleweshwe. Hesabu hii huharibika kwa njia zinazojirudia. Wapo wanaoweka ALT mahali pa AST. Wapo wanaochukua kiwango cha juu cha mtandaoni badala ya kile kilichochapwa kwenye karatasi ya maabara yao. Pleteleti ikiandikwa 150,000, ni lazima iingie kwenye hesabu kama 150. Na kwa ukanda wetu wa pwani kuna malaria: hushusha pleteleti, hivyo hupandisha APRI bila ini kuwa na kosa. Tibu malaria kwanza, rudia FBP baadaye.

APRI ikiwa ndogo, usiondoke bado. Mwongozo huohuo unamruhusu kuanza dawa mwenye VVU, homa ya ini C au D, kisukari, au ndugu wa damu aliyepata saratani ya ini. Anaanza pia mwenye wingi wa virusi zaidi ya 2,000 (IU kwa mililita ya damu) pamoja na ALT iliyopanda. Zamani kipimo hicho cha wingi wa virusi, ambacho ni ghali, kilikwamisha wengi; ndiyo maana naona mabadiliko ya 2024, yanayoruhusu kuanza kwa APRI bila kipimo hicho, ni makubwa mno.

Dawa ni tenofoviri ya miligramu 300, kidonge 1 kila siku, baada ya kupima kreatinini kuona figo. Ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye vidonge vya wanaotumia ARV. Usiiache ghafla ukijisikia mzima, maana kirusi huweza kulipuka na kuliunguza ini kwa wiki chache. Bei ya chini kwa nchi inayonunua vizuri ni takriban dola 2.4 kwa mwezi. Hata hivyo mwaka 2022, kati ya watu milioni 254 duniani wenye homa ya ini B, ni asilimia 13 tu waliokuwa wamepimwa na kujulikana, na asilimia 3 waliokuwa kwenye matibabu. Lengo lililowekwa 2016 ni kupunguza maambukizi mapya kwa asilimia 90 na vifo kwa asilimia 65 ifikapo 2030. Misri imeonyesha kwa homa ya ini C kwamba nchi inaweza kupima mamilioni ya watu wake na kuwatibu. C hupona kwa vidonge vya wiki 12.

Mtoto ndiye wa kuhangaikiwa zaidi. Akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki na kirusi maisha yote ni karibu asilimia 90. Mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Chanjo ya pentavalenti, yenye kinga ya B ndani yake, ya wiki ya 6, 10 na 14 inamkinga vizuri, lakini haimkingi siku ya kuzaliwa. Chanjo inayoziba pengo hilo ni ile ya B inayotolewa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, na katika ukanda wa Afrika ilikuwa inawafikia asilimia 18 tu ya watoto. Mama, pimwa hudhurio la kwanza, na ukikutwa nacho uliza kuhusu tenofoviri kuanzia muhula wa pili wa ujauzito. Kunyonyesha ruksa.

Kuhusu chakula, jambo zito kuliko mafuta ni sumukuvu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu, pamoja na kirusi hiki, huongeza sana hatari ya saratani ya ini, na kupika hakuiondoi. Zitupe, hata kuku usiwape.

Wenza na watu wa nyumbani wapimwe. Wasio na kirusi wachanjwe begani, dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Uliza kama chanjo imetunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, kwani ikiganda huharibika. Ukichelewa dozi ya tatu, endelea ulipoishia, huanzi upya.