Gitaa la laki sita na nusu na kipande cha mpingo

Leo Jumapili, mvua imeshinda inanyesha Kirumba nzima hapa Mwanza, umeme upo kwa sasa, nimekaa kibarazani na hili gitaa mapajani nikaona niandike kabla sijasahau nilivyohangaika nalo hii miezi miwili.

Nililinunua kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahamia Dar. Gitaa la umeme, ila tumbo lote wazi ndani, yale yenye matundu mawili ya herufi f kifuani kama fidla iliyokuzwa. Limetengenezwa China, kampuni siitaji maana mengine nitakayosema sio mazuri, na kwa bei ile mtu unategemea nini bana. Nililitaka kwa ajili ya kitu kimoja tu, ile sauti ya jazz ya zamani, nene, ya mviringo, kama ya Wes Montgomery aliyekuwa anapiga kwa dole gumba tu, piki hashiki.

Sasa huku ukisema unajifunza jazz unaeleweka vingine. Mzee jirani yangu, fundi redio, nilipompelekea alisema, "Jazz kama Morogoro Jazz?" Nikamwambia hapana mzee, ya Wamarekani. "Ahaa, basi Shirati Jazz," akacheka mwenyewe. Na ana haki yake, huku kwetu hilo neno lilishageuka kuwa jina la bendi tu, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa inapiga dansi, Shirati ya D.O. Misiani, mtoto wa huku huku kando ya ziwa upande wa Mara, ilikuwa inapiga benga, na watu walicheza tu.

Siku ya kwanza nilichomeka kwenye ampu likatoa matope. Nyuzi nene zinavuma hujui noti ipi ni ipi, nyembamba zinalia kama kijiko kwenye sufuria. Nikahukumu palepale kwamba pikapu, ile sumaku ya chini ya nyuzi inayonasa sauti, ni mbovu. Nikaingia mtandaoni kuangalia pikapu za maana, bei na usafiri inakaribia nusu ya gitaa lenyewe, nikaanza kudunduliza, yani hata chai ya mgahawani nikaacha.

Mzee ndo aliniharibia mpango. Akauliza, umelisikiliza bila umeme? Nikasema mzee hili ni la umeme. Akalichukua, akapiga waya mmoja, akaweka sikio kwenye mbao, akapiga tena. Alafu akaokota risiti ya LUKU mezani kwake, akaipitisha chini ya daraja, lile linalobeba nyuzi kifuani. Risiti ikapita. Ikaingia upande huu ikatokea upande wa pili kama inapita chini ya mlango. "Mwanangu," akasema, "hili daraja halijakanyaga."

Kwa asiyejua, daraja la magitaa ya namna hii halijagundishwa wala halina skrubu, limekaa tu, linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi. Mtikisiko wote wa nyuzi unashuka kwenye mbao kupitia zile nyayo zake mbili, na kifua chenyewe kimebinuka, kwaiyo nyayo zisipofuata ule mbinuko unapoteza sauti kabla pikapu haijasikia chochote. La kwangu lilikuwa linagusa kwenye ncha tu.

Jumamosi iliyofuata nilifunga duka saa sita (nauza nyavu na vifaa vya uvuvi) nikaweka alama za selotepu daraja lilipokaa, nikalegeza nyuzi, nikatandaza msasa namba 120 juu ya kifua, uso wa kukwaruza ukiangalia juu, nikawa nasugua kitako cha daraja juu yake, mbele nyuma, mbele nyuma, bila kulitikisa pembeni maana ukitikisa unaviringisha kingo na kazi imeharibika. Unasugua, unapuliza vumbi, unajaribu risiti. Bado. Unasugua tena. Saa tatu nzima, alafu msasa laini wa 220, na ilipofika jioni risiti ikagoma kuingia. Niliifurahia ile kugoma kama mtoto.

Kijiti cha juu cha daraja kilikuwa cha chuma, nacho ndo kilikuwa na ile sauti ya kijiko. Nikakumbuka nyumbani kuna kinyago cha tembo kilichovunjika mguu, mpingo mtupu. Mpingo si ndo huu huu wanaotengenezea klarineti Ulaya, sa mi naagiza mbao ya nini? Ila kuukata kwa msumeno wa chuma usiombe, mzito mpaka ukiutupia majini unazama, na vumbi lake likanikalia kooni siku mbili (vaeni barakoa). Nikauchonga kwa faili, kila waya na ngazi yake, na hapo nikakosea cha kwanza nikakitupa. Nilikuwa nimenakili ngazi za kile cha chuma, ambacho waya wa tatu ulikuwa mtupu, wakati nyuzi mpya nilizoagiza za kusokotwa bapa, 12 mpaka 52, waya wa tatu nao umesokotwa, unataka ngazi nyingine. Cha pili nikawa napima kwanza kwa programu ya simu: unapiga waya ukiugusa tu juu ya freti ya 12, kile kichuma cha 12 cha shingoni (ndo hamoniki), alafu unabonyeza freti hiyohiyo, ukibonyeza ikasoma juu zaidi waya ni mfupi, unarudisha ngazi nyuma kidogo.

Nyuzi nene zinavuta shingo, ikabidi kuzungusha nondo ya ndani robo mzunguko. Na vile vijifereji vya kwenye kichwa vilikuwa vyembamba, waya unakwama alafu unaruka "ting!" ukiuvuta. Faili zake maalumu ni ghali, mafundi wa kuchomelea wana vile visindano vya kuzibulia pua ya gesi, vinakuja seti ya saizi zote, elfu chache tu. Ukimaliza unapaka risasi ya penseli.

Umeme ukawa wa mwisho. Mzee alipima pikapu kwa mita, nzima kabisa. Poti ya volyumu, ile ya kuzungusha kupandisha na kushusha sauti, ndo ilisoma kilo-ohm 240, wakati pikapu pana ya koili mbili kama hii huwa inawekewa 500, ikiwa ndogo hivyo inakula sauti ya juu muda wote. Tukabadilisha poti zote mbili na kapasita ya toni, toka 0.047 kwenda 0.022, ukifunga toni sasa inakuwa nene bila kuwa uji. Kazi sio kuchoma lehemu, kazi ni kurudisha poti ndani, maana hakuna mfuniko nyuma, kila kitu kinapita kwenye tundu la f. Nikafunga mshipi wa kuvulia kwenye kila poti, nikaupitisha tundu la poti kutoka nje, nikawa navuta. Mteja mmoja mvuvi akanikuta dukani na mshipi umetoka kwenye gitaa, akauliza, "Humo unavua sato au sangara?"

Kuna mtu kanisani aliangalia ndani akasema, "Hii si ni plywood tu?" Ndio, plywood. Na ES-175 ya Gibson, waliyoitoa 1949, aliyokuwa akiipiga Joe Pass, mpiga gitaa mwingine wa jazz, kifua chake ni plywood ya mti wa mepo (maple) vilevile. Mbao ya tabaka haitikisiki ovyo, kwaiyo ampu ikiwa karibu haipigi yowe haraka kama mbao moja iliyochongwa.

Sio kwamba haipigi kabisa. Jumapili iliyopita kwaya ilipandisha sauti, mi nimesimama mbele ya spika, nikagusa sol ya chini gitaa likaanza kuvuma lenyewe mpaka mchungaji akageuka. Leo nimeingia na vipande viwili vya sponji ya godoro vya kuziba yale matundu, vinafanya kazi ila gitaa likawa linaonekana limetoka kung'olewa meno. Nilivitoa ibada ilipoisha nikahamia upande wa pili wa mimbari.

Hela ya pikapu imeshaliwa na ada ya mdogo wangu. Bado freti ya 14 waya wa pili inakwaruza, Mzee anasema ameshaona iko juu, nilete gitaa kesho, nisisahau na ile risiti.