Nilivyotengeneza miungu wadogo wa wanyama kwenye gemu letu bila ile orodha ya "simba ushujaa, bundi hekima"

Naandika hii kwa sababu nimeulizwa sana na watu wanaoendesha haya magemu ya kukaa mezani, Dungeons & Dragons na jamaa zake, yale ambayo msimamizi anasimulia hadithi, kila mchezaji anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua kitakachotokea, na kila mara najibu kipande kipande kwenye simu halafu mtu anaenda kuharibu. Leo naweka yote.

Ulimwengu wetu unaitwa Sarawi, ni wa kubuni kabisa. Kuna mto mkubwa mmoja, miombo upande wa magharibi, na milima ya baridi kaskazini. Muumba yupo ila yuko mbali na hajibu mtu. Wanaojibu ni pepo wa wanyama, ndege, mamba, dubu, chatu, kila mmoja ana eneo lake na watu wake na chakula chake. Hawa ndio walionichosha kuliko ramani, kuliko vita, kuliko kitu chochote, na ndio ninaojivunia mpaka leo, yaani ukitaka tuongee usiku kucha nianzishie hapo.

Ushauri niliopewa mwanzoni uliniudhi na bado unaniudhi. Jamaa mmoja mzoefu aliniambia chora jedwali, simba weka ushujaa, bundi hekima, mbweha ujanja, kobe uvumilivu, halafu kila mmoja mpachike kwenye kundi la nguvu za makuhani lililoko kwenye kanuni za gemu, basi umemaliza. Haya, tukacheza hivyo. Unajua kilichotokea? Wachezaji wakawa wanamwita mungu simba kila wakikaribia kupigana kama wanaita bodaboda, anakuja, anawapa nguvu, anaondoka, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza huyu simba analala wapi, anakula nini, na kwa nini atusaidie sisi. Hakuna aliyemwogopa. Mungu asiyeogopwa hata kidogo na hadai kitu, huyo ni nini sasa?

Na huyo bundi wa hekima ndio kabisa. Bibi zetu bundi akilia juu ya paa nyumba nzima hailali, leo nimpe hekima kwa vile Wagiriki wa kale walimweka na Athena, mungu wao wa kike wa hekima? Halafu nenda Hokkaido kule Japani kwa Waainu, wenyeji wa asili wa huko, bundi mkubwa anayekula samaki wao wanamwita Kotan-kor-kamuy, mlinzi wa kijiji. Sehemu moja anatisha, nyingine analinda, nyingine ana akili. Kwa hiyo maana haiko kwa mnyama, iko kati ya mnyama na watu wanaoishi naye, na hilo jedwali haliwezi kukuonyesha hata ulichore mara ngapi.

Wa pili akaniambia chukua miungu ya Wayoruba au ya Wajapani badilisha majina. Hapana. Kuna watu wanasali kwa hao leo hii asubuhi, Nigeria, Brazili, Nara kule Japani, si vitu vya kuokota barabarani. Na ukiiba jina hupati chochote, cha maana ni kujua mambo yanakwendaje: nani anamlisha, nani anakatazwa nini, deni linalipwaje.

Nilifunguka macho kwa mjomba wangu. Mjomba ni mtu wa dini sana, na aliposikia kwa mama kwamba Jumamosi tunakaa sebuleni na miungu ya wanyama akanipigia.

"We mwanangu, mnaabudu nini huko?"

"Shikamoo mjomba. Hatuabudu, ni hadithi, tunasimulia tu tukiwa na dadu."

Nikamweleza taratibu, akaelewa, na nashukuru alielewa maana hilo swali nalichukulia kwa uzito, sikutaka mtu nyumbani akose amani kwa ajili yangu. Sasa mjomba amerina asali miaka mingi huko Tabora, mizinga ya magome, anaujua msitu. Nikamuuliza mjomba, kama huko msituni kungekuwa na mnyama ambaye watu wanamheshimu hivi, angekuwa nani? Nilijua atasema simba. Akasema ndege wa asali. Yule mdogo wa kijivu anayekuja kukulilia, unamfuata mti kwa mti mpaka kwenye nyuki, wewe unachukua asali, yeye unamwachia nta. Akaniambia usipomwachia, safari ijayo atakuita vilevile, sauti ileile, ila atakupeleka kwa nyoka au kwa simba.

Jamani. Mungu mzima huyo hapo. Ana kazi, ana mshahara, ana adhabu, na adhabu yenyewe inafanana na msaada. Jedwali lingenipa wapi hicho kitu?

Nikaanza kumsoma. Kule hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao wana mlio wao maalumu wa kumwita, kama "brrr-hm", na utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake wa 2016 ulionyesha kwamba ukitoa mlio huo uwezekano wa ndege kukuongoza unapanda toka kama asilimia 33 hadi 66. Anaelewa ameitwa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wao huwa wanaficha au kuchoma masega ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza, kinyume kabisa na mjomba. Nikaona raha, maana hapo tayari nina madhehebu mawili ya mungu mmoja: wanaolipa na wanaomkopesha njaa. Wanachukiana, na kila upande una hoja.

Nikamwita Mama Nta. Kanuni zake nikaziandika kwenye daftari, na hizi ndizo nawaomba mzichukue. Moja, nguvu yake inaishia pale miti inapoishia, ukitoka msituni kuhani wake ni mtu wa kawaida tu. Nyingine, anajua kile ambacho ndege angeweza kukijua, mizinga, njia, moshi, nani kapita chini ya mti, lakini ukimuuliza habari za mfalme hajui na hajali. Na kila msaada unaandikwa deni, mbele ya mchezaji, kwa kalamu. Hilo la kalamu msilipuuze. Deni lililo kichwani mwa msimamizi haliogopeshi mtu, lililoandikwa kwenye daftari katikati ya meza linaogopesha.

Sasa ngoja niwaambie ile Jumamosi.

Tuna mchezaji mmoja, mtu wa mahesabu, mhusika wake ni mwindaji. Mama Nta aliwaongoza mpaka kwenye mzinga mkubwa, wakapata asali, wakauza. Wakati wa kuacha nta jamaa akasema kaka mimi siachi, wewe mwenyewe ulituambia kuna watu wanaficha ili ndege abaki na njaa, mimi nafuata hilo dhehebu. Nikasema sawa. Nikachukua kalamu nikaandika, sikusema neno. Wengine wakanyamaza kidogo wakaendelea.

Baada ya vikao kadhaa wamepotea msituni, usiku unaingia, mgonjwa wanambeba. Nikaanza kupiga ule mlio wa ndege kwa mdomo. Furaha! Wote wakainuka, Mama Nta kaja, twendeni! Wakamfuata. Mimi naelezea tu, anaruka, anatua, anawangoja, anaruka. Nyuki hawasikiki. Bonde linateremka. Kinyesi cha mnyama kwenye jiwe, cha leo. Anaita tena, sauti ileile. Nikawaambia miti imebanana na hewa inanuka nyama. Na hapo dada mmoja, ambaye kazini ni nesi na kwenye gemu anacheza kuhani, akashika daftari, akafungua ukurasa wa madeni, akasoma kwa sauti: "Nta. Haijalipwa." Meza nzima ikaganda.

Wakaanza kutafutana, nani ana nta, hakuna aliyenayo, asali walishauza na masega yake. Jamaa wa mahesabu anajitetea, wengine wanamkaba. Dada nesi akapekua karatasi ya mhusika wake kimya kimya, akaniuliza, "Ile mishumaa niliyonunua hekaluni kule mjini, ilikuwa ya nini?" Nikamwambia ya nta ya nyuki. Akaichukua yote akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua chache akapiga magoti.

Nilikuwa nimeisubiri hiyo mishumaa tangu siku ileee wanaingia mjini! Niliiweka pale dukani makusudi, bei rahisi, sikusema lolote. Na sikuibuni hewani. Miaka ya 1580 mmisionari Mreno João dos Santos akiwa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, aliona ndege wadogo wanaingia kanisani kwake na kula nta ya mishumaa. Ndio hawahawa. Nilipowaambia baada ya kikao kwamba hiyo ni habari ya kweli kabisa dada alipiga kelele majirani wakasikia.

Ndege akala, akageuka, akawapeleka barabarani. Yule chui aliyekuwa anawangoja bondeni wachezaji hawakumwona kabisa, na mpaka leo wanamzungumzia kuliko kila walichowahi kupigana nacho. Tangu siku hiyo hakuna mtu kwenye meza yangu anayeomba msaada wa mungu kabla ya kuuliza kwanza atalipa nini.

Kuna siri ya Mama Nta walikuja kuijua baadaye, na hii nilitoa machozi kuiandika. Ndege wa asali halei watoto wake. Anataga kwenye viota vya ndege wengine, keremkerem mmojawapo, na kifaranga wake anazaliwa na ndoano mdomoni, bado hajafumbua macho, anawaua vifaranga wa mwenye nyumba. Kwa hiyo Sarawi makuhani wa Mama Nta wote walilelewa na familia za dhehebu lingine, la keremkerem, na kila familia iliyolea ilizika watoto wake. Dada nesi alipogundua mhusika wake alitoka wapi aliomba tupumzike kwanza. Ni mungu yuleyule aliyewaokoa. Sikubadilisha chochote, sikumfanya mbaya wala mzuri, anaishi anavyoishi.

Mamba nilimpata Misri. Kule Faiyum walimfuga mamba mtakatifu wa Sobek, mungu wao wa mamba, na Strabo, mwanajiografia Mgiriki, alipotembelea zaidi ya miaka 2000 iliyopita alishuhudia makuhani wanamfumbua mdomo, mmoja anaweka mkate na nyama, anammiminia kinywaji cha asali, mamba anaruka ziwani anavuka ng'ambo, na mgeni mwingine akija na sadaka yake makuhani wanazunguka ziwa mbio kumfuata wamlishe tena. Hizo mbio nimeziweka Sarawi kama zilivyo. Na ufisadi nao: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitoa matokeo ya kupiga picha mamia ya maiti za wanyama zilizokaushwa Misri ya kale, zile za sadaka, na kama theluthi moja hazikuwa na mabaki ya mnyama hata kidogo, matope, vijiti, manyasi. Hapo sijui kama ulikuwa utapeli au waliona kifungu chenyewe kinatosha, na wachezaji wangu walibishana hilohilo vikao viwili vitatu, wengine wanataka kuchoma hekalu, wengine wanasema mwacheni maskini apeleke anachoweza. Stori imejiandika yenyewe.

Dubu wa milimani nimejifunza kwa Waainu, kwamba mungu anakuja kwa wanadamu amevaa mwili wa dubu, nyama na manyoya ni zawadi yake, na kumuua kwa heshima ni kumrudisha kwao na salamu. Kwa hiyo kwetu mungu dubu anauawa, tena anataka, ila ukimuua bila ibada umemfungia mgeni mlango. Chatu wa ziwani nilimfikiria kutokana na Omieri, chatu wa kweli wa Nyakach kule Kenya, yule aliyeungua moto 1987 na watu wakahuzunika kweli kwa sababu walimhusisha na mvua na mavuno. Habari ya Omieri ndiyo iliyonifundisha kuwauliza wachezaji swali moja: mungu wenu akijeruhiwa, nani atambeba?

Gharama si kubwa. Kanuni za msingi za gemu ni bure, tangu Januari 2023 ziko chini ya Creative Commons, leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia, asikuuzie mtu. Dadu tuliagiza kwa mtu anayeleta mizigo, kama elfu thelathini na kitu, mpaka zilipofika tulitumia apu. Daftari la madeni nunua lenye jalada gumu.

Sasa hivi namalizia fisi. Harari, Ethiopia, siku ya Ashura kuna mila ya kuwawekea fisi uji wenye siagi, na kiasi watakachokula ndicho kinasema mwaka utakuwaje: wakila sehemu kubwa na kubakiza ni heri, wakimaliza wote au wakikataa ni balaa. Hawawaabudu, ni mji wa Waislamu, ni ujirani tu na fisi, na nimeupenda huo ujirani hata zaidi. Kwenye gemu nitaweka dadu ya pande 20 ndani ya bakuli halisi katikati ya meza, 11 mpaka 19 mwaka mzuri, 20 wamemaliza wote, na ikiangukia 1 wameunusa wakaondoka. Mchezaji atakayerusha ni yule wa mahesabu, ameomba mwenyewe.