Kalibu ya saba

Jumapili, saa tatu usiku. Nimetoka uani sasa hivi, vumbi la mbao bado limeniganda kwenye nyusi, na sitaki kulala kabla sijaandika ya leo.

Kayaki yangu haijapata hata papi moja, yaani ubao mwembamba wa ganda. Kilichopo ni boriti ndefu juu ya meza mbili, na juu yake kalibu 16 za plaiwudi ya milimita 12, zimesimama kifudifudi, kila moja sentimita 30 kutoka kwa mwenzake. Kwa asiyejua kazi hii: jahazi la pwani lina mataruma, yaani mbavu za ndani, na mataruma hubaki humo mpaka chombo kife. Kayaki ya papi haina. Papi nyembamba za milimita 6 hugundishwa ubavu kwa ubavu juu ya kalibu, ganda likishakauka hupakwa rezini na kitambaa cha faiba, kisha kalibu zote hutolewa. Hakibaki kitu cha kalibu ndani ya chombo ila umbo lake, na kosa lake kama lilikuwapo.

Ndiyo maana sina haraka. Marehemu baba alivua perege kwenye bwawa la Mtera kwa mtumbwi uliopinda kidogo sana, huwezi kuona ukiwa ufukweni. Majini ulivuta kushoto. Miaka yote alipiga kasia mara tatu kushoto, mara moja kulia, na bega lake la kushoto lilizeeka kabla yake. Mimi nataka kwenda kwenye bwawa la Hombolo na chombo kinachonyooka.

Boriti ya kwanza ilinishinda mwezi wa sita. Niliiunga kwa mbao nzito za msindano kutoka Mafinga, zikapendeza siku tatu, kisha hewa kavu ya Dodoma ikanyonya maji yaliyobaki ndani na boriti ikajinyonga kama kitambaa kinachokamuliwa. Nikaibomoa. Hii ya sasa ni sanduku refu la plaiwudi, tupu ndani, nayo imetulia.

Kisha kupima. Mara ya kwanza nilipima kalibu ya pili kutoka ya kwanza, ya tatu kutoka ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho, na nilipofika mwisho nilikuwa nimezidisha milimita 9. Kila alama ya penseli ina unene wake, na unene huo ulijikusanya. Nikafuta yote, nikalaza futi mara moja tu kutoka kichwa cha boriti, nikaweka alama 30, 60, 90 bila kuinua futi, kwa ncha ya kisu badala ya penseli. Kalibu za mbele nikazisimamisha upande wa nyuma wa alama, za nyuma upande wa mbele, ili unene wa plaiwudi uelekee katikati ya chombo usije ukaisukuma papi nje.

Leo ilikuwa zamu ya kunyoosha. Uzi wa nailoni nimeuvuta kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), juu pale utakapopita mkuku, uti wa mgongo wa chombo, na kila kalibu ina mstari wa katikati niliouchora kabla ya kuikata. Timazi, uzi wenye uzito nchani, ilinisumbua. Upepo wa Julai hapa haupumziki, na timazi haikukaa sekunde mbili mahali pamoja. Binti yangu ndiye aliyeleta ndoo ya maji. "Baba, izamishe." Tukaizamisha, maji yakaikamata, ikasimama. Tukaenda hivyo na ndoo yetu, kalibu hadi kalibu, na kufikia saa nane mchana uzi ulikuwa unapita katikati ya zote 16, na pimamaji ilisema sawa kwa kila moja.

Hapo ndipo alipoingia mzee jirani. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mzee," akaitikia, akasimama kimya akitazama. Mzee huyu alifanya kazi ya genge la reli kati ya Bahi na Saranda, kwenye reli ile ya zamani, miaka mingi. Akanionyesha kidole.

"Mwanangu, hiyo yako ina mataruma?"

Nikamwambia hapana, hizi zitatolewa.

"Basi leta ubao mmoja mrefu, ulaze juu yake ubavuni."

Nikaleta papi ya mita tano, nikaibana kwa vibanio kwenye kalibu za mwisho, ikajipinda yenyewe kufuata ubavu wa kushoto. Mzee akapiga goti kwenye udongo, akalaza shavu karibu na ncha ya papi, akafumba jicho moja. Hivyo ndivyo walivyochungulia reli, aliniambia: huitazami reli kutoka juu, unaitazama kwa urefu wake, macho yakiwa chini kama reli yenyewe.

"Ya saba," akasema.

Nilipiga goti alipokuwa amepiga yeye, nikaona. Papi ilikuwa inapanda kidogo ikifika ya saba, kisha inashuka. Tukaihamishia kulia: hapo ya saba haikuigusa kabisa, mwanga ulipita chini yake. Kushoto juu, kulia chini. Kalibu ilikuwa imelala upande kwa kuzunguka pale pale kwenye mkuku, na uzi wangu, unaopita mkuku tu, haungeweza kuligundua hilo.

Lakini pimamaji je? Nikaikagua kalibu taa ikiwa karibu na plaiwudi. Pale ninapoilaza pimamaji, kwenye ukingo wa kulia, palikuwa na tone la gundi lililokauka, dogo kama punje ya uwele. Hilo tu. Pimamaji ilikaa juu ya punje, ikaniambia sawa, nami nikaiamini bila kuisogeza mahali pengine. Ningeisogeza, povu lingekimbilia upande mmoja na ningejua palepale.

Nimekwangua tone kwa patasi, nimelegeza skurubu mbili, nimechomeka kipande cha boksi la maziwa chini ya mguu wa kulia, nikakaza tena. Papi ikalala juu ya ya sita, ya saba, ya nane, pande zote mbili, bila mwanga chini yake.

Mzee alichungulia tena, safari hii kutoka tezi. Alikaa pale muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kisha akanyoosha mkono nimwinue, akajipangusa goti, akauliza huko Hombolo tunaondoka lini.

Nimeiacha papi pale pale imebanwa. Usiku una baridi na mbao husogea. Saa kumi na mbili, kabla ya kwenda kazini, nitapiga goti tena.