Kulungu wangu karuka seng'enge

Ile rangi ya zambarau kwenye miti huko Texas mwanzo nilidhani ni alama za wakata mbao. Kumbe ni sheria ya 1997, mwenye shamba akipaka ile mistari kwenye miti au nguzo za mpaka wake basi ndo kashaweka kibao cha usiingie, na usije ukasema hukuona kibao.

Sasa siku moja ya Novemba niko upande wa Llano, huko huko Texas, na mzee mmoja Mmarekani tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja, yeye kakodi sehemu ya kuwinda na mimi mgeni wake. Mtoto wa Mombasa mie, kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 hata sijazaliwa, bunduki nilikuwa nikiziona kwa askari wa benki tu. Lakini leseni ninayo na ile kozi ya usalama nimeshaifanya.

Jua linakaribia kuzama katoka kulungu dume, nikasema Bismillahi Allahu Akbar nikafyatua. Karuka juu, kakata mbio mpaka mpakani, huyo, kavuka seng'enge. Tulipofika tukakuta manyoya kwenye waya na damu ng'ambo ya pili, nyekundu, ina povu, mzee akasema hiyo ya mapafu, hafiki mbali. Na nguzo ya pale imepakwa zambarau mpaka inawaka.

Hapo ndo sheria yao inapokuchanganya. Kulungu ni mali ya umma, si wa mwenye shamba. Ukimjeruhi ukamwacha makusudi bila kujitahidi kumtafuta, kosa. Kuvuka kumfuata bila idhini ya mwenye ardhi, kosa vilevile, na ukivuka na bunduki ndo balaa zaidi. Na zaidi ya asilimia 90 ya ardhi kule ni ya watu binafsi, sasa utaenda wapi?

Jirani simu hapokei. Mzee akamwita askari wa wanyamapori, kaja na pikapu yake, mpole tu, kaangalia damu kaangalia leseni, akasema kumlazimisha mwenye shamba hawezi, labda amsaidie kumpigia. Tukakaa nyuma ya pikapu tunakunywa kahawa, giza limeshaingia, joto bado lipo na nyama inaharibika huko, na mimi nina langu jingine ambalo mzee halijui. Tulivyosomeshwa chuoni, yaani madrasa, windo likikupotea ukalikuta limekufa na halina alama ila ya silaha yako, kula. Ukilikuta limezama majini usile, huwezi kujua limeuliwa na maji au na wewe. Na kulungu akiumia mara nyingi hukimbilia maji, na jirani ana bwawa la ng'ombe pale chini!

Mwishowe jirani akapiga mwenyewe, alikuwa kanisani. Kakubali kwa masharti: bunduki zibaki, tuingie wawili tu, geti tulifunge. Tukafuata damu kwa tochi mpaka karibu na bwawa, wallahi moyo unanidunda, tukamkuta kalala ubavu hatua chache kabla ya maji. Nikampapasa mdomo, shingo, miguu, mikavu yote. Alhamdulillah. Nikakata mwezi na tarehe ya siku ile kwa kisu kwenye tegi, kile kikaratasi cha leseni anachofungwa mnyama, nikaifunga kwenye pembe, ndo tukaanza kumburuta.

Paja moja tukampelekea jirani, pamoja na karatasi ya kuonyesha nani kampa nani, maana huko hata nyama ya zawadi ina karatasi yake. Akasema paja hana haja nalo, ila tukitengeneza soseji tusimsahau.