Kiyoyozi cha Mama: Nilivyoacha Kulipia Gesi Kila Mara

Kwa mwaka mmoja nililipia gesi ya kiyoyozi mara tatu. Fundi anakuja, anagusa bomba, anasema, “Gesi imeisha,” anajaza, anaenda zake. Baada ya miezi michache chumba cha mama kinarudi kuwa tanuri.

Tunaishi Tudor, Mombasa, karibu na mkono wa bahari. Februari fukuto la usiku halimwachi mtu alale, na mama ana shinikizo la damu. Kwake kiyoyozi si anasa. Usiku mmoja akaniita: “Mwanangu, maji yaingia kitandani!”

Safari hii sikumpigia yule fundi simu. Kulipokucha nilizima swichi ya kiyoyozi ukutani, nikafungua kifuniko. Mapezi ya ndani, yaani vile vibati vyembamba vinavyopoza hewa, yalikuwa yamefunikwa na barafu, nyeupe pe. Machujio nayo yamejaa vumbi na nyuzi za nguo, mazito kama kipande cha blanketi. Nilijilaumu kweli. Hewa isipopita, mapezi hupoa kupita kiasi, unyevu wa hewa yetu ya pwani huganda juu yake, na barafu ikianza kuyeyuka maji hufurika nje ya trei ya kuyakingia. Niliiacha iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu, maana mapezi ni laini na bomba liko nyuma yake. Machujio niliyaosha kwa maji na sabuni kidogo, nikayaanika kivulini.

Halafu paipu ya kutolea maji. Ilikuwa imeziba kwa utelezi wa kijani. Nikapitisha maji ya uvuguvugu yenye siki, mara ya kwanza hayakutoka, mara ya tatu yakasukuma bonge zima. Kuhakikisha, nilimimina kikombe cha maji kwenye trei nikatoka nje kutazama yakidondoka.

Kile kipande cha nje kilikuwa na ukoko wa chumvi. Nilikisuuza kwa maji baridi ya mpira, bila presha, kwa sababu presha hulaza mapezi. Ndani ya kifuniko chake sikugusa kitu: kapasita iliyomo huhifadhi umeme hata baada ya stima kuzimwa, na hiyo ni kazi ya mwenye vifaa na ujuzi.

Baridi ikarudi, maji yakakoma. Lakini siku ya pili nikaona bomba jembamba la shaba limeota barafu huko nje. Machujio ni masafi, feni yazunguka vizuri. Basi gesi ilikuwa imepungua kweli. Yule fundi hakunidanganya kuhusu kupungua. Alichokosea ni kutouliza ilikwenda wapi.

Nikamwita fundi mwingine, kijana, nikamwambia mapema kwamba sitaki kujaziwa kabla ya tundu kupatikana. Akafurahi. “Kaka, hii si petroli, hailiwi. Yazunguka mle mle. Ikipungua, pana mahali yavuja.” Akapaka povu la sabuni kwenye nati za maungio; moja ikaanza kutoa mapovu madogo madogo. Aliikusanya gesi iliyobaki, akakata ncha ya shaba iliyopasuka, akaipanua upya, akakaza, akafyonza hewa yote kwa pampu, kisha akapima gesi kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Gesi yetu ni ya aina ya R410A. Ile R22 ya viyoyozi vya zamani haiingii humo.

Alinitoza zaidi ya wale wa kujaza tu, nami nililipa bila kinyongo.

Sasa naosha machujio kila baada ya wiki mbili msimu wa joto, na kukisuuza kipande cha nje kila mwezi. Rimoti tumeiweka 25, mama hataki chini ya hapo. Kilichobaki ni vyuma vilivyobeba kipande cha nje, chumvi imevila. Nataka viwe vimebadilishwa kabla kusi haijaanza kuvuma.